Kazi ya Macho

Wanasema Tanga, waja leo waondoka leo.
Mimi nilikuja leo, mwaka wa unga wa njano,
nikafua mashuka ya hospitali ya Bombo miaka thelathini na moja,
na sasa nina kiinua mgongo,
ingawa mgongo wenyewe haukusubiri.

Nikasema: nanunua nyumba. Basi kupanga, basi
kugongewa mlango tarehe mosi na mtoto wa mwenye nyumba
anayekuita shangazi huku kiganja kimeshanyooka.

Madalali wa Ngamiani walinifuata kwa baiskeli,
kila mmoja na picha kwenye simu iliyopasuka kioo,
kila mmoja msumeno, anakula mbele na nyuma.
Mwanamkasi Shekiondo hakuja na picha.
"Mie nakula upande mmoja," alisema, "upande wako.
Muuzaji akininunulia hata soda, nitakwambia soda gani."
Akaniandikia stakabadhi: elfu hamsini, kazi ya macho.
Zedi yake aliifunga mkanda kiunoni.

Nyumba niliipenda tangu barazani.
Barabara ya kumi na nne, mabati mapya,
ua wenye mlimau, jiko la nje lenye bomba lake.
Chokaa nyeupe, weupe wa mashuka ya wodi
siku ya ugeni wa waziri.
Bwana Mbaruku, mwenyewe, anacheka kwa meno yote:
milioni arobaini na mbili, na kwa vile ni wewe, arobaini.
Mimi nishaanza kutundika mapazia.

Mkasi hakutazama yanapokaa mapazia.
Alibisha ukuta kwa ufunguo wa baiskeli: koh, koh,
kisha puh.
Akapitisha kidole, akakilamba. "Chumvi."
Mimi niliyefua damu, na iodini, na yasiyotajwa mezani,
ninayejua kwamba doa halifi, huhama tu,
sikuliona doa lile chini ya chokaa.

Akaomba hati. Ikaja nakala ya nakala.
"Marehemu aliacha wangapi?"
"Watatu, wote wanaume," akajibu Bwana Mbaruku, upesi.
"Na wanawake?"
Bomba likadondoka. Tone.
Tone.

Hapo akatoka chumba cha uani
mwanamke wa makamo, mikono imejaa unga wa muhogo,
akatuuliza kama tungependa maji.
Mwanasiti. Dada mtu. Hakuulizwa, hakutia kidole popote.
Mkasi aliyanywa yote, taratibu, kisha:
"Wewe, dada, utalala wapi?"
Mwanasiti akatazama ndani ya kikombe
kana kwamba jibu limebaki humo.

Njiani nilimkasirikia.
Kwa arobaini, nikasema, wapi tena nitapata mlimau?
Mirathi yao ni yao, mimi si kadhi.
Nikasema hata lile la aibu: asilimia yako
ingekulipia kodi ya mwaka, wewe uliyepanga Mabawa
chumba kimoja na choo cha jirani.
Akasukuma baiskeli. "Ungenunua nyumba na mtu ndani yake.
Usiku ungemsikia."
Wiki tatu hatukusalimiana.

Sasa niko Makorora. Upande wa magharibi hauna plasta,
na maji ya masika yanapita palepale
tulipokwenda kuyavizia usiku, mimi na yeye,
tochi mkononi, kanga zimepandishwa magotini.
Hati ina sahihi sita; mbili ni za dole gumba.
Mlimau nimeupanda. Una majani manne.

Juzi nilipita barabara ya kumi na nne.
Chokaa imeanza kumenyuka, na juu yake,
kwa rangi nyekundu, herufi za urefu wa mkono:
NYUMBA HII HAIUZWI.
Maneno niliyasoma mara moja.
Zedi niliitazama
mpaka muuza kahawa akaniuliza nimepoteza nini.
Ilikuwa imefungwa mkanda kiunoni.