Kinyonga wa Tunduma

Uyole, mwezi wa sita, saa moja asubuhi.
Baridi imekalia magunia ya viazi kama mwenye mali.
Wengine wamefunga makoti mpaka kidevuni,
mimi navua sweta.
Hapo tu watu kumi wamekwisha simama,
maana anayevua nguo Uyole mwezi huu
ana wazimu, au ana la kuonyesha.

Mkono wa kulia, toka kiwiko hadi kifundo:
kinyonga.
Mkia umejikunja. Jicho moja lanitazama mimi,
la pili lawatazama wao.
Nilichorwa Tunduma, chumba cha nyuma kwa kinyozi,
foleni ya malori ikiwa imelala siku ya tatu.
Silwimba alichoma sindano huku akiniuliza bei ya mpunga,
kana kwamba ananinyoa.

Faida yake naijua.
Jicho la mtu ni mbuzi:
usipolifunga mahali, litakula shamba la jirani.
Nikizungusha mkono, kinyonga anatembea,
na wauza vitunguu, na mgambo na rungu lake,
wote wanamfuata polepole, mguu kwa mguu.
Shilingi mia mbili wakati huo
imekwisha lala kushoto, imejifunika.
Wala hakuna wa kusema imeingia kwenye mkono wa shati.
Shati liko wapi?

Hasara nayo ina mdomo.
Wapo wanaotema mate chini wakapita,
kinyonga kwao ni mjumbe wa msiba.
Mwalimu mkuu Tusekile alisema,
"Watoto wangu wasije wakadhani..."
sentensi hakuimaliza.
Alinipa chai. Jukwaa hakunipa.
Harusini Igawilo, mzee wa kanisa aliniomba nijifunike;
nikaazima koti.
Mchezo ulipofika patamu, kijana mmoja akapaza sauti:
"Imeingia kwenye mkono wa koti!"
Na siku hiyo, Mungu anisamehe,
ilikuwa imeingia.

Bibi yangu, kule Masoko, aliushika mkono huu
akaugeuza kama anayechagua ndizi.
"Ni dawa?"
"Hapana, bibi. Urembo."
Yeye ana chale tatu kila shavu,
wembe na majivu, mwaka surua ilipopita nyumba kwa nyumba.
"Zangu zilikuwa na kazi. Hiki chako kinafanya kazi gani?"
"Kinawadanganya watu."
Alicheka mpaka akakohoa,
akatafuta kanga afute macho.
"Haya. Basi nacho kina kazi."

Jana lakini.
Jana nimepoteza yai, nimepoteza leso,
nimepoteza saa ya mgambo na kuirudisha haraka,
na Atuganile, mtoto wa muuza viazi, darasa la tatu,
akapenya katikati ya makoti:
"Mpoteze na huyo."
Yupi?
"Huyo kinyonga."
Watu wakanyamaza. Manyunyu yakaanza.
Nikatazama mkono wangu
kama mtu aliyeulizwa jina la baba yake.
"Huyu hapotei," nikasema,
neno langu la kwanza la kweli sokoni pale.

"Wangu anapotea."
Akapandisha sweta la shule.
Kinyonga wa peni ya bluu, mkia umepinda vibaya,
miguu mitano, nilihesabu.
Akatema mate kwenye kidole gumba, akasugua.
Bluu ikawa wingu,
wingu likawa ngozi, ngozi ya mtoto yenye baridi,
hakuna kitu.
Makofi yale sijapigiwa tangu nianze kazi.
Sarafu ziliporuka, zilimwangukia yeye,
na mama yake akaziokota bila haya.

Usiku sikulala vizuri.
Leo baridi ni ileile, viazi ni vilevile.
Nimevua sweta.
Kulia yupo wa Tunduma, mzee wangu, hachoki.
Kushoto, tangu alfajiri, kwa peni ya bluu,
nimemchora mwenzake,
miguu mitano.
Mate ninayo mdomoni.
Nasubiri wasogee.