Diski ya Kemunto

Inagonga. Sikiliza: ta, ta, kimya, ta,
kama kucha ya mtu aliyefungiwa ndani ya bati.
Ghorofa ya tatu, Luthuli, saa mbili za usiku,
mlinzi keshafunga geti la chini
na tokeni ya stima imebakisha yuniti nne.

Ijumaa waranti inakwisha.
Muuzaji wa Moi Avenue hana maneno mengi:
lete diski, lete risiti,
kibandiko kisichanike, skrubu zisiguswe,
nikupe mpya.
Hii mbovu itapakiwa katoni, ipelekwe ng'ambo.
Nani huipokea huko?
Akainua mabega.

Kemunto aliileta imefungwa kwa leso,
akaiweka mezani kama anayeweka yai.
"Usisome," akasema. Sikusoma.
Lakini fundi huona majina ya faili
kama dobi aonavyo madoa:
nyumba wanamolala wanawake wale, chumba hadi chumba;
mtoto wa nani kahamishiwa shule gani;
mume yupi asiambiwe.
Siri ya mtungi aijuaye kata,
na usiku huu kata ni mimi.

Nikaanza kuimwagia sufuri.
Sufuri juu ya majina, sufuri juu ya namba za simu,
safu kwa safu, kama apakaye chokaa
ukuta ulioandikwa matusi.
Asilimia kumi. Thelathini. Nikachemsha chai.
Sitini na moja,
ta, ta, ta.
Ikagoma.

Hapo ndipo nilipoielewa diski inayokufa.
Kusahau si kazi yake.
Palipopooza hapaandikiki tena,
na pasipoandikika hapafutiki;
panapouma ndipo panapokumbuka.
Kesho mtu mwenye chombo kuliko changu,
na subira,
anaweza kukwangua jina moja tu.
Jina moja lamtosha mtu kufika mlangoni.

Nikampigia. Nikamweleza bila kuzunguka:
ukitaka mpya, irudishe na yaliyobaki ndani.
Ukitaka usingizi, nunua nyingine,
elfu nane na mia tano.
Akanyamaza. Nyuma yake mtoto alikohoa,
sufuria ikafunikwa.
"Hiyo ni unga wa wiki mbili," akasema,
"wa nyumba nzima."
Kisha: "Toboa."

Asubuhi nikashuka Kamukunji
kwa Odera, mwenye keekee.
Yeye haulizi kitu. Akaibana kwenye jiliwa,
akatoboa mara nne, ya tano akaongeza bure.
Sahani za ndani zilimeta kama kioo cha saluni,
halafu chenga zikaniangukia kiganjani,
za moto kidogo.
Kibandiko cha waranti, nikikitazama,
hakikuwa na hata mkwaruzo.

Kemunto akaniuliza deni lake.
Nikasema hakuna.
Nilikuwa nishafika ngazi ya pili
nilipokumbuka mia mbili za Odera.