Faili Hili ni la Nani?

Sur, Julai, saa nane za usiku.
Nje ukuta bado unatema joto la mchana,
ndani kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo ya rangi
aliyoiweka Biju tangu Ramadhani.
Pampu nne za kuvuta bahari zinanguruma chini ya nyayo zangu.
Ya tano iko kimya.

Ya tano ina kihisi kutoka Busan,
na kihisi kina programu yake, ilikuja kwenye flashi
iliyoviringwa utepe kama ubani wa harusi.
Muhanna, kabla hajahamia Duqm, aliisakinisha kwa mkono:
akaimwaga ndani ya mfumo,
faili huku, faili kule, maktaba juu ya maktaba,
akasema, Inafanya kazi, akaenda kula.
Na kweli ilifanya kazi, miezi saba.
Jumanne tukasasisha seva.
Msimamizi wa vifurushi akapita na ufagio wake,
akakuta kitu asichokijua, akakizoa.
Simlaumu. Ufagio wake hausomi nyuso, unasoma daftari.

Nikauliza: faili hili ni la nani?
Akajibu: halina mwenyewe.

Basi naanza upya, polepole, kama anayefunga mzigo wa safari.
Jina. Toleo. Kinategemea nini.
Hapo ndipo penye mfupa:
kifurushi kinataka maktaba ya kale, ile ya kwanza,
na mfumo umeshafika ya tatu.
Nikimrudisha mwenyeji nyuma kwa ajili ya mgeni, nyumba itaanguka.
Nikimlisha mgeni asichokila, atanyamaza tena.
Nakumbuka nyumba za mtaani kwetu,
majlisi yenye mlango wake wa nje:
mgeni anaingia, ananawa, anapewa kahawa na tende,
wala hajakanyaga jiko la mtu.
Nakipa saraka ya opt.
Maktaba yake ya kale nailaza humo humo, ubavuni mwake.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Sawa. Lakini andika kwanza nani kampa jembe hilo.

Maana sasa mashine inadai jina la mtunzaji,
yule atakayeamshwa kikiharibika.
Vidole vinasita.
Kitambulisho changu kinasema Sanuna.
Karani mmoja, mwaka bibi alipofika na sanduku la bati,
alisikia alivyosikia, akaandika,
na mimi niliyerithi jina nikarithi na sikio lake.
Benki, Sanuna. Hospitali, Sanuna. Mshahara, Sanuna.
Bibi alikuwa Shinuna.
Akiniita kutoka jikoni, kwa Kiswahili chake cha Ng'ambo,
ile shi ilitoka kama tone la maji juu ya kikaango.

Naandika Shinuna.
Natia saini kwa ufunguo wangu,
na ufunguo nauingiza kwenye orodha ya wanaoaminiwa,
ambayo, nikikumbuka, nimeiandika mimi mwenyewe.

Pampu ya tano inakohoa. Inakohoa tena. Inashika.
Biju anainua kidole gumba bila kufumbua macho.

Nauliza mara nyingine, bila haja:
faili hili ni la nani?
Linakuja jina la kifurushi, toleo,
na chini yake mimi, herufi saba,
hakuna iliyoanguka njiani.

Ndoo imejaa. Naenda kuimwaga.