Inua, Kisha Sukuma

Lilikuja limelala ndani ya boksi bapa,
kabati zima, unene wa godoro la mtoto,
juu ya mkokoteni wa Kazungu kutoka Kongowea,
na Mwanasha nyuma, mkono juu ya boksi
kama amshikaye mgonjwa asianguke.
Elfu saba na mia tano. Pesa ya mchezo, zamu yake ya kwanza.

Karatasi ya maelezo haikuwa na neno, picha tupu:
mtu mwenye kichwa cha yai, hana macho, na bado yuwacheka.
Aliye peke yake amepigwa msalaba. Wawili, sawa.
Hiyo tukaielewa.
Tulikuwa na wiki tatu za ndoa na bisibisi ya kuazima.
Saa nne za usiku likasimama,
na skrubu moja ikabaki kiganjani.
Tukatafuta tundu lake juu, chini, mgongoni.
Mwanasha akaitia katika kikombe cha vijiti vya meno.
Ingali mle.

Fundi Nyawa, jirani yetu wa Majengo, akaja kulitazama.
Akaligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.
"Hii si mbao, bwana. Ni uji wa mbao uliogandishwa,
ukavikwa karatasi yenye picha ya mninga.
Mvua mbili tu. Halafu uje kwangu, nikuchongee kabati."

Mvua mbili zikapita.

Unyevu wa hapa twaujua:
chumvi hulowa kibakulini, kiberiti hukataa kuwaka,
mkate wa asubuhi jioni umeota ndevu.
Uji wa mbao huinywa hewa hii bila kushiba.
Mwezi wa tano ukingo wa chini ukafura kama hamri mafutani.
Nikalipandisha juu ya vifuniko vinne vya mikebe,
maji ya kupigia deki yapite bila kuulamba.
Ukingo nikaupaka rangi ya kucha ya Mwanasha,
nyekundu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo.
Nikalivuta shubiri moja kutoka ukutani, lipumue.
Makaa ndani ya soksi, soksi ndani ya kona.
Karafuu kwa ajili ya nondo.
Kanzu zangu za Ijumaa zanukia pilau.

Kisha kuhama: Mikindani, halafu hapa Mishomoroni.
Kila ukilifungua, matundu hupanuka,
skrubu huzunguka bila kushika, kama ahadi ya mwenye nyumba.
Dawa yake njiti mbili za kiberiti na gundi nyeupe,
usubiri hadi alfajiri (si saa moja, alfajiri!)
ndipo ukaze, polepole, kwa mkono.
Makabati haya, nguvu huyaua kuliko maji.

Mgongo ni mwembamba kama kadi ya arusi.
Ulichomoka siku Tima alipojificha ndani.
Nikaupiga misumari kumi na mmoja, nina hasira,
na ule uliopinda hunitazama hadi leo.

Fimbo ya kutundikia ikaanza kubonyea katikati.
Tukayatoa mabuibui ya marehemu mamake Mwanasha,
mazito yale, ya zamani.
Aliyakunja mwenyewe. Sikumsaidia, hakutaka.

Na mlango wa kushoto, bawaba zimechoka.
Haufungi ila uuinue kidogo kwa goti, kisha usukume.
Tima ajua, na ana miaka sita.
Shemeji Bwanaheri hakujua: aliuvuta,
akabaki nao mikononi, akitutazama,
hajui aulaze wapi.

Juzi nilipita kwa Fundi Nyawa. Ana kabati la mvule,
elfu arubaini na tano, na huu ni mwaka wa tisa.
Nikafungua mlango, nikaufunga kwa kidole kimoja.
Haukutoa sauti yoyote.
Nikamwambia nitafikiri.

Mwanasha hutoka zamu hospitalini, hufika saa sita za usiku.
Hawashi taa.
Macho nimeyafumba, nasikia: kufuli, viatu,
halafu goti, mguno mdogo wa bawaba,
inua, sukuma.
Mwizi asingejua.
Nageukia ukutani, nalala.