Daraja

Saa nne asubuhi Nabifo wa Bulucheke
ameketi kwenye benchi la mapokezi,
risiti imekunjwa mara nane ndani ya leso,
wino umebaki kivuli.
Magunia kumi na manne, anasema.
Mwaka ule wa mvua. Nusu nililipwa, nusu bado.
Hapandishi sauti.
Namwambia asubiri,
nageukia kompyuta.

Jana usiku, nyumbani Namakwekwe,
niliiuliza simu dawa ya kikohozi cha mbuzi.
Niliandika "kikozi",
ikanisahihisha kwa adabu, labda ulimaanisha hivi,
ikamwaga majibu laki tatu kabla chai haijapoa.
Huko nje kila ukurasa una jirani
anayeunyoshea kidole: mwulize yule, yule anajua.
Anayenyoshewa vidole vingi hupewa kiti cha mbele;
hata akiwa mwongo, ni mwongo mwenye mashahidi.
Ukikosa jibu hili unashika lile.
Mbuzi ameamka anakula.

Humu ndani hakuna anayemnyoshea mwenzake kidole,
ila kwenye mkutano wa Ijumaa.

Naandika "kahawa".
Faili elfu arobaini na moja.
Ningetegemea nini? Hii ni kampuni ya kahawa,
hata orodha ya sabuni za choo ina kahawa kichwani.
Neno linalofungua dunia nzima
hapa halifungui hata droo.

Naandika "Nabifo".
Hakuna.
Wala haikuuliza nilimaanisha nini.
"Nabbifo". "Nabifwo".
Jina la marehemu mumewe, kwa aibu, nikikinga kioo kwa bega.
"Deni". "Magunia 14". "Malipo".
Hapo inajitokeza Malipo_Mwisho,
na Malipo_Mwisho_Kabisa,
na Malipo_Mwisho_Kabisa_Hii_Ndiyo_Mafabi,
na Mafabi mwenyewe aliacha kazi,
yuko Juba anauza saruji.

Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake.
Mimi nimelala humu miaka sita
na bado sijui panapovuja.

Laki tatu za nini?
Nataka karatasi moja.
Karatasi iliyosomwa na watu wawili tangu izaliwe,
haina sifa mjini, haina anayeitaja,
na isipopatikana
hakuna nyingine ya kukalia kiti chake.

Saa saba. Wanale imejifunika wingu,
umeme umekwenda ukarudi,
Nabifo amekula ndizi yake na kulikunja ganda vizuri
kana kwamba nalo ni ushahidi.
Nampigia Nambozo, katibu wetu wa zamani.
Siku hizi anafuga kuku Sironko,
nawasikia wakigombana nyuma ya sauti yake.
"Mvua ile?" anasema. "Tafuta Daraja."
Daraja?
"Mto ulilibeba daraja, mwanangu.
Malori yakakwama huku, watu kule.
Tukavuka kwa kamba, tukawalipa chini ya turubai
mpaka pesa za mfukoni zikaisha.
Wewe ungeiitaje?"

Naandika "daraja".
Jibu moja.
Moja tu, limekaa katikati ya weupe
kama mtu aliyebaki kanisani baada ya misa.
Nabonyeza.
Huna ruhusa ya kuona faili hii.

Nacheka, ile ya puani.
Namwandikia mhasibu Kampala mistari mitatu,
ya tatu ina ukali kidogo.
Halafu naenda kwenye benchi.

"Imeonekana?"
Ipo, mama. Bado haijafunguliwa, lakini ipo.
"Wapi?"
Nasita. Naona haya kulisema, lina sura ya mzaha.
Darajani.

Nabifo anaikunja risiti mara ya tisa.
"Si ndipo mliponiambia nisubiri?" anasema.
"Ungeniuliza."