Mawe Sita

Lilipasuka nyuma, kushoto, nikishuka Fufu
na kreti kumi na nane za zabibu za Mpunguzi.
Halikulia kama bunduki, kama wasemavyo watu.
Lililia kama mlango wa ghala
uliobamizwa na upepo wa Agosti,
kisha pwata, pwata, pwata.

Mguu wangu ulitaka breki.
Nikaukataza. Nikaukataza tena.
Usukani mikono miwili, kama ushikavyo pembe za fahali:
usimgeuze, mngoje tu achoke.
Nikaipita nafasi ya kwanza, ilikuwa mteremko.
Nikaipita ya pili, ilikuwa kona.
Ringi ikatafuna raba ya laki mbili na themanini.
Na itafune. Tairi linauzwa Dodoma mjini;
kiuno changu sijui kinauzwa wapi.

Tambarare nikaikuta kwenye migunga mitatu.
Hendibreki. Gia namba moja. Taa zikakonyeza.
Pembetatu yangu imevunjika mguu tangu Januari
(kila siku nasema kesho),
basi nikakata matawi, nikarudi nayo hadi juu ya kona
ili dereva wa lori asome kabla hajaniona:
huku chini kuna mtu amepiga magoti.

Upepo ukayabeba.

"Mbukwenyi, mama."
Mvulana, mbuzi, fimbo ndefu kuliko yeye.
Aliitwa Mesaki. Akauliza kama mume wangu yuko njiani.
Nikamwambia niletee mawe.
Akaleta sita: mawili ya kukandamiza matawi,
manne ya kuyabana magurudumu ya mbele,
huku na huku.

Nati hulegezwa gari likiwa bado chini.
Ya tatu ilikuwa na kutu ya miaka;
nikapanda juu ya spana kwa kilo zangu themanini na mbili,
zile wifi yangu anazozitaja kila Krismasi,
nati ikaitika.

Jeki ikazama mchangani kama kijiko kwenye uji.
Nikaishusha. Nikabomoa kreti moja nipate ubao.
Zabibu zikakosa nyumba,
mbuzi hawakulalamika.
Gari likapanda, kidogo, kidogo,
na Mesaki akainama, akaingiza kichwa chini kuchungulia.

"Toka!"
Sauti ile haikuwa yangu.
Ilikuwa ya mama, miaka thelathini iliyopita, kando ya kisima.
Mtoto akaruka nyuma, mbuzi wakatawanyika,
nikaona aibu, lakini sikuomba radhi.
Jeki ni mgeni asiyeaga akiondoka.

Spea ikaingia. Nati nikazikaza kwa kuvuka:
hii, kisha ile inayoitazama,
nikashusha gari, nikazikaza upya
mpaka bega likasema basi.

"Tayari, mama. Nenda, jua hilo."

Bado.

Nilikuwa na kaka, Ndahani. Pikipiki, Chipogolo, saa mbili usiku.
Jiwe moja katikati ya lami, si kubwa,
lingetosha kuinjika nusu ya sufuria.
Kulikuwa na kitambaa cha grisi kando, na alama ya jeki.
Mtu alibadili tairi lake vizuri kabisa,
akafika kwake, akala, akalala.
Kwa miaka mingi nilimtafutia uso.
Siku hizi namwona ana uso wangu,
mikono michafu, kuchelewa sokoni,
jua hilo.

Nikapanda kona kwa miguu.
Matawi porini. Jiwe la kwanza, la pili.
Nikarudi, nikasogeza gari, nikahesabu: tatu, nne, tano.
Nikahesabu tena. Tano.
Nikapiga magoti, nikapapasa chini ya gari kwa tochi ya simu,
moyo ukinienda mbio kwa jiwe.

Mesaki alikuwa amelikalia, pale kando, anakula zabibu.

Nikampa kreti nzima iliyobomoka.
Nikaondoka taratibu, hamsini, haizidi.
Mtera nikasimama, nikazijaribu nati zote.
Moja ilikubali robo mzunguko zaidi.