Meza Ndani ya Neno

Kompyuta zilikuja saba, kwa Fuso, kutoka Mbeya,
zimelazwa juu ya saruji, zimefunikwa turubai.
Tano zinawaka. Moja inawaka ikitaka.
Ya saba tumeiacha pale pale kama mgeni aliyesinzia.

Mtandao hapa Tukuyu haukai ndani.
Unakaa dirishani, upande wa Katumba,
na Lusekelo, kwa urefu wake, ndiye mshika modemu:
mkono ukimchoka, Uingereza inakatika.

Siku ya kwanza Gwantwa aliandika jina la mji wetu.
Mashine ikauliza kwa adabu: Ulimaanisha Tokyo?
Darasa likacheka hadi mvua ikawa haisikiki,
na mvua ya Rungwe juu ya bati
si ya kunyamazishwa na mtu.
Nami nilicheka. Sikujua zamu yangu iko njiani.

Ilikuwa Jumanne, kidato cha pili B, kipindi cha nne.
Somo: sifa za vitu. Kiti, kitanda, kiatu.
Nikaandika ubaoni lile neno refu la mtu aliyekaa raha,
nikalisema kama ninavyolisema tangu nishike chaki:
kom-fo-tei-bo.
"Msisahau," nikasema, "mwishoni kuna meza.
Anayekaa raha hakosi meza."
Miaka kumi na tisa, utani huo huo.
Wengine walishaichora kabisa kwenye madaftari,
meza ndogo ya miguu minne pembeni ya neno.

Subilaga, mtoto asiye na ubaya wowote,
akagusa alama ya spika.

Ikatoka sauti ya mwanamke, kavu, isiyo na haraka:
kamftabo.

Meza haikuwepo.

Akagusa tena. Kamftabo.

"Labda mtandao umeimeza," nikasema.
Hakuna aliyecheka, na hapo nikajua kwamba wamejua.
Lusekelo akashusha mkono. Uingereza ikakatika.
Watoto thelathini na nane wakanitazama
kama watu wanavyomtazama mama muuza viazi
mawe yake ya mizani yakishikwa na ofisa wa vipimo:
si kwa hasira. Kwa huruma.
Afadhali wangezomea.

Neno lile nililikuta kitabuni,
na kitabu hakina mdomo,
nikaliazima wangu.
Mwalimu wangu alifanya hivyo. Na wake.

"Nyanyua mkono, Lusekelo. Mrudishe huyo mama."
Nikaenda kukaa benchi la mbele,
kati ya Subilaga na Anyitike, nikabanana nao,
sketi yangu ikashika vumbi la chaki niliyoiangusha mwenyewe,
nikasema nao.
Ulimi uligoma. Ulizoea kupitia mezani kwanza.
Mara ya tano Anyitike akaninong'oneza, "Karibu, Mwalimu,"
na mpaka leo sijui alinikaribisha
au alisema bado kidogo.

Saa tano kasoro umeme ukaondoka, kama kawaida yake.
Ukungu umekaa madirishani, humo ndani giza la asubuhi,
hakuna mashine, hakuna mama,
na wao wanaendelea tu, kamftabo, kamftabo,
kila mmoja na lake kidogo,
kama watu wanaotafuta swichi ukutani.

Usiku nikahesabu meza nilizozisambaza.
Kiwira. Kyela. Mwanjelwa.
Watu wazima wenye watoto, wamejitwika meza yangu
wakaingia nayo chumba cha usaili,
wakaitua mbele ya meza za wenyewe.

Nikamwandikia Ambakisye,
aliyenichorea ile nzuri kuliko zote, yenye kitambaa na chupa ya chai,
sasa yuko ofisi moja Dodoma:
"Mwanangu, lile neno la meza. Itoe."

Jibu likaja kabla sijaweka simu kwenye chaji.

"Niliitoa chuoni, mwaka wa kwanza. Walicheka sana.
Nikaona nisikuambie.
Shikamoo, Mwalimu."